Shangazi, Karatasi Imeandikwa Chanya

Barua za wasomaji. Anayejibu ni mkunga mstaafu wa Tanga. Barua zimefupishwa na majina yameondolewa.

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, nauza mitumba sokoni Morogoro, nina watoto wawili. Mwezi uliopita gari la matangazo lilipita likisema wanapima saratani ya mlango wa kizazi bure kwenye kituo cha afya. Nikaenda na mwenzangu tunayepakana meza, tunacheka njia nzima. Yeye alitoka baada ya dakika kumi, mzima. Mimi nesi aliangalia, akamwita mwenzake naye akaangalia, wakanong'onezana, nikaambiwa nivae. Karatasi yangu imeandikwa "VIA chanya". Shangazi, macho yangu yalisoma VVU chanya. Nililia palepale kitandani. Nesi akanieleza kwamba siyo VVU, ni madoa meupe, ila yameingia ndani na wao hawawezi kuyatibu, niende hospitali ya mkoa nikakatwe kinyama. Tarehe niliyopewa ilikuwa wiki tatu mbele.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Saa nane usiku niko macho na simu, nasoma. Mama yangu mdogo alikufa kwa ugonjwa huu mwaka 2011, nilimuuguza mimi, ile harufu haijanitoka puani. Mume wangu ni dereva wa malori, anakwenda Tunduma mpaka Lubumbashi. Sijamwambia. Nimesoma kwamba kirusi chake kinatoka kwenye kujamiiana, basi akirudi safari namwangalia tu, nimejaa hasira. Jirani ananiambia nijifukize majani huko chini, madoa yatadondoka yenyewe. Na nilitaka mtoto wa tatu. Je, nina saratani? Na hizi wiki tatu nitazimalizaje?

Mama wa wawili, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Kwanza hilo la kusoma VVU palipoandikwa VIA. Si wewe wa kwanza. Nimeshawashika mikono wanawake wengi juu ya kosa hilohilo, na kila mara nimewalaumu waliochagua herufi hizo na hilo neno "chanya". Hawakuwahi kulala kwenye kitanda kile wakiwa hawana nguo. VIA ni kipimo cha siki, basi. Nesi anapaka maji ya siki, asidi ileile ya kwenye kachumbari iliyopimwa asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja, kisha anatazama. Pale ambapo seli zimebadilika panakuwa peupe. Damu yako haikuguswa. Kama siku hiyo walikupima na VVU, hayo ni majibu mengine kwenye karatasi nyingine, na ni vizuri uyajue, kwa sababu mwanamke anayeishi na VVU hatari yake ya saratani hii ni mara sita ya mwenzake.

Sasa swali lako. Majibu ya siki yako ya aina tatu: hasi, chanya, na "inashukiwa saratani". Wewe umepewa la pili. Nesi angeona kidonda, au nyama iliyoota na kuvuja damu, angeandika la tatu. Chanya maana yake kuna mahali pamekuwa peupe, na mahali pa namna hiyo panaweza kuwa mabadiliko ya kabla ya saratani, panaweza pia kuwa uvimbe wa maambukizi ya kawaida tu. Siki haina uwezo wa kutofautisha. Ndiyo maana wanataka kinyama, kikatazamwe maabara.

Na kwa nini mwanamke mwingine mwenye madoa hutibiwa palepale halafu wewe upelekwe mkoani? Najua umekwisha kujijibu: kwangu kumezidi. Mwanangu, mara nyingi ni suala la ukubwa wa kifaa. Ncha inayotumika kugandisha au kuchoma yale madoa ni kama sarafu. Doa likiwa limeenea kuliko ncha, au ukingo wake umeingia kwenye mfereji wa ndani ambako jicho la nesi halifiki, hatakiwi kuligusa. Nesi wako alikuwa na kiasi cha kutosha kusema "hapa mwisho wangu". Yule anayejaribu asichokiweza ndiye wa kumkimbia.

Nikupe na hesabu ya miaka, kwa sababu naona kichwani mwako ugonjwa huu unakwenda mbio kama basi la Kilombero. Kinachouleta ni virusi vya HPV, na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana navyo wakati fulani. Katika maambukizi kumi, kama tisa mwili huyafuta wenyewe ndani ya miaka miwili. Yanayobaki ndiyo hubadilisha seli polepole, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri kutoka maambukizi hadi saratani huwa ni miaka 15 mpaka 20. Kinga ikiwa dhaifu sana, kwa mfano VVU bila dawa, inaweza kuwa 5 hadi 10. Wiki zako tatu ziweke kwenye mizani hiyo uone uzito wake.

Lipo tukio la New Zealand ambalo hunikasirisha kila nikilikumbuka, lakini lina funzo kwako. Kuanzia miaka ya 1960, kwenye hospitali moja ya Auckland, wanawake wenye mabadiliko ya daraja la juu kabisa kabla ya saratani waliachwa watazamwe tu, bila tiba inayostahili na bila kuulizwa. Jaji Silvia Cartwright aliongoza uchunguzi, ripoti yake ikatoka mwaka 1988. Baadaye wanawake hao wakafuatiliwa kwa kipindi cha miaka 30. Ambao hawakutibiwa ipasavyo, kama 30 katika kila 100 walipata saratani. Waliotibiwa vizuri, hakufika hata mmoja katika 100. Hiyo ndiyo tofauti iliyoko kati ya kurudi na kutorudi, na walioilipia bei ni wanawake ambao hawakuombwa ruhusa.

Mama yako mdogo, Mungu amrehemu. Alianza kuumwa lini? Bila shaka alianza kwa damu. Wagonjwa wengi wanaofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hufika hivyo, ugonjwa umeshatoka nje ya mlango wa kizazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpaka siki akiwa bado mzima anacheka njiani. Wewe umeonekana mahali ambapo yeye hakuonekana. Ile harufu unayoikumbuka ni ya mwisho wa safari, na wewe hata stendi hujafika.

Hayo nimeyasema kama nesi. Sasa nikwambie nililolijua kama mgonjwa, maana najua maelezo hayalazi mtu.

Mwaka 2013 kipimo cha siki kilipoletwa kituoni kwetu, wanawake walikiogopa kile chuma cha mdomo wa bata cha kufungulia njia. Nikasema natangulia mimi, waone. Nikapanda kitandani, mwenzangu tuliyepata naye mafunzo akapaka siki, akanyamaza. Nesi akinyamaza hivyo, nesi mwenziwe anaelewa. Nilikuwa na miaka 47 na chanya, na nje kulikuwa na benchi zima la wanawake wanaosubiri kusikia kwamba haiumi. Nikatoka nikawaambia haiumi. Hilo halikuwa uongo.

Kutibiwa sikwenda. Wiki ya kwanza nilikuwa na zamu nyingi. Ya pili ikawa mfungo. Ya tatu, harusi ya mpwa wangu Pangani. Mchana nawaambia wenzangu "usiogope, rudi tarehe hii", usiku natoa kitabu changu cha chuo chini ya kitanda, nafungua ukurasa uleule wa saratani ya daraja la nne, wenye picha. Kama ulimi unavyolirudia jino bovu. Wewe una simu, mimi nilikuwa na kitabu.

Kwenye rejista yetu aliyekutwa na chanya aliandikwa kwa wino mwekundu, na asiporudi hupigiwa simu. Jioni moja yule mwenzangu alikuja nyumbani, rejista ameifunga kwenye kanga. Akaketi barazani, akaifungua, akaweka kidole. "Dada," akasema, "huyu wa mstari wa nne hapokei simu. Nimtafute wapi?" Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka mume wangu akatoka ndani kuuliza kuna msiba gani. Ndiyo namna nilivyomwambia. Alisikiliza, akaenda kutafuta bisibisi, akakaza bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea mwaka mzima. Kila mtu na namna yake ya kuogopa.

Nilipokwenda kutibiwa, mtungi wa gesi ya kugandishia ulikuwa umekwisha. Nikaambiwa nisubiri. Zikapita siku 19. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu siku zile 19 hazikufanana hata kidogo na wiki za kujificha. Kuogopa niliogopa vilevile. Lakini hofu ilikuwa imepewa tarehe, na watu wawili walikuwa wanaijua. Usingizi ulianza kurudi, kwanza kwa muda wa saa tatu, halafu nne.

Nilifanya mambo ya kijinga kijinga yakanisaidia. Baada ya Magharibi, nikiwa naosha masufuria, nilijiruhusu kuwaza kila kitu: nani atawalea watoto, nitazikwa wapi, kanga zangu mpya atavaa nani. Masufuria yakiisha, na mawazo basi. Yakija saa nane usiku nayaambia njooni kesho kwenye masufuria. Usidhani yalitii siku ya kwanza. Siku ya tano yalianza kutii. Nikiamka sikubaki kitandani kugaagaa, niliketi, miguu sakafuni penye ubaridi, navuta pumzi kwa hesabu ya nne, natoa kwa hesabu ya sita, taratibu, nikiwa na tasbihi. Kama wewe ni wa rozari, shika rozari. Kinachofanya kazi ni ile pumzi ndefu ya kutoa, na kidole kuwa na cha kushika.

Simu ilale chumba kingine. Nasema hivi si kwa sababu yaliyomo humo yote ni uongo. Ni kwamba humo wanaandika walioumia. Waliotibiwa madoa wakapona hawaandiki, wako sokoni wanauza mitumba. Badala yake chukua daftari la mtoto, kila swali linalokuamsha liandike. Swali likishakaa kwenye karatasi halina haja ya kukuamsha tena kujikumbusha. Siku ya tarehe unakwenda nalo.

Mwambie mwenzako wa meza. Alikuwepo, alikuona ulivyotoka. Huenda naye anashindwa aanzie wapi, anajionea haya kutoka mzima. Muombe jambo moja tu, akusindikize siku hiyo na meza zenu mtafute wa kuzishika. Chakula kikikataa, kunywa uji wa karanga mara tatu kwa siku kama dawa, na chai ya rangi na kahawa ziishe kabla ya alasiri. Ila ukiona wiki mbili zimepita huli wala hulali, au wazo la kwamba bora nisiwepo limepita kichwani hata mara moja, usisubiri tarehe ya kinyama. Nenda kituoni kesho yake uwaambie kwa maneno hayohayo. Hiyo nayo inatibiwa.

Kuhusu baba watoto. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Huenda ni cha mwaka jana, huenda ni cha kabla hamjajuana, kwako au kwake. Hakuna kipimo kwa wanaume kitakachokwambia, na hakuna daktari duniani atakayesoma tarehe kwenye madoa yako. Sikwambii mumeo ni malaika, simjui. Nakwambia karatasi hiyo haiwezi kumshtaki wala kumtetea. Kama una mashaka naye kwa sababu nyingine, hizo zina siku yake. Hili mwambie kama unavyomwambia kwamba umekutwa na presha: "Nimepimwa, kuna mabadiliko, naenda mkoani tarehe fulani, nakuhitaji." Na mwambie akiwa nyumbani, asipewe habari hii akiwa amepanga foleni ya mpakani na watani zake.

Majani, hapana. Wala chumvi, kitunguu saumu, au sabuni ya mche. Nimeona walioungua, na kuta za huko zikiungua hata anayekuja kutazama hajui aone doa au aone jeraha. Siku mbili kabla ya miadi usiingize chochote ukeni, na msikutane.

Mtoto wa tatu bado yupo. Kugandishwa au kuchomwa kwa joto hakufungi kizazi. Kama wataamua kuondoa sehemu kwa waya wa umeme, uwezo wa kushika mimba haupotei, ila uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huongezeka kidogo, kwa hiyo kila utakapoanza kliniki ya mimba uwaambie. Ninachokuomba ni usishike mimba sasa hivi, katikati ya shughuli hii. Ukiwa mjamzito tiba mara nyingi husubiri mpaka ujifungue, na kwa hali ya usingizi wako sioni ukimudu subira ya mwaka.

Siku yenyewe: kinyama ni kidogo, kama punje ya mchele. Utahisi kufinywa, pengine tumbo kukaza kama la hedhi. Vaa pedi, damu kidogo ya siku chache ni kawaida. Kabla hujateremka kitandani uliza mambo matatu. Majibu yanatoka lini? Nani atanipigia? Nisipopigiwa, nimpigie nani? Andika namba yako mwenyewe, iliyo hewani. Na kimya usikitafsiri kuwa ni salama, nimeona vinyama vilivyokaa kwenye droo. Gharama ya maabara iulizie mapema ili isije ikawa sababu ya kuahirisha. Na ukipata damu baada ya kujamiiana au katikati ya mwezi kabla ya siku hiyo, usingoje, nenda.

Siwezi kukuahidi kinyama kitasema nini. Wengi wa waliofika hapo ulipofika hawakutwi na saratani, ila uvimbe wa kawaida au mabadiliko yanayotibika siku moja. Wachache hukutwa na saratani, na ikiwa changa hivyo, isiyo hata na dalili, upasuaji au mionzi huiondoa kabisa mara nyingi. Likitokea hilo, Ocean Road kwako sasa ni safari ya treni ya asubuhi na kurudi jioni. Niandikie majibu yakitoka, yoyote yatakayokuwa.

Mimi mwaka uliofuata nilirudi kitandani, siki ikapakwa, hapakuwa na doa. Mwenzangu aliandika jina langu kwa wino wa bluu, akanionyesha.

*

Asalaam aleikum Shangazi. Mke wangu alitibiwa madoa kwa kugandishwa wiki mbili zilizopita. Tumeambiwa tusikutane wiki nne. Anavuja maji mengi, amenuna, haongei. Mama yangu yuko kwetu na anasema hiyo tiba gani, huyu wamemtoa kizazi. Nifanye nini?

Baba Kibaha

Waaleikum salaam, baba. Kwanza umefanya vizuri kuuliza, wanaume hunipigia simu wakiwa wamejificha chooni.

Kizazi kipo. Alichofanyiwa ni hiki: ncha ya chuma yenye gesi baridi iliwekwa juu ya doa dakika 3, ikaachwa iyeyuke dakika 5, ikarudishwa dakika 3. Ngozi iliyogandishwa inakufa na kutoka, mpya inaota chini yake, na maji anayovuja ndiyo hayo. Huchukua mpaka mwezi mmoja, yanalowesha, yanachosha, na mwanamke huona aibu nayo ndani ya nyumba yake mwenyewe, hasa kukiwa na mama mkwe anayehesabu kanga kwenye kamba. Mimi nilivuja siku 22. Mnunulie pedi za kutosha bila kuombwa. Zile wiki nne za kutokukutana zishike wewe, usimwachie yeye kazi ya kukukataa.

Kama maji yamegeuka usaha wenye harufu kali, au ana homa, au damu inatoka kuliko hedhi yake au ina mabonge, au tumbo linamkata, huyo ni wa hospitali leo.

Kununa kwake sikuiti kununa. Huenda anangoja useme neno ambalo hulisemi. Muulize, "Usiku unawaza nini?" kisha usijibu, sikiliza tu. Mama mzungumzishe wewe, ni mama yako. Mwambie mkeo ametibiwa ili asiugue, na arudi kupimwa baada ya mwaka mmoja. Hiyo tarehe ya mwaka kesho iandike kwenye simu yako, si yake. Na kama mna binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV hapa kwetu ni dozi moja sasa. Iulizie shuleni kwake au kituoni.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni wa Mombasa, nafanya kazi ya kutunza wazee Leicester, Uingereza. Nina miaka 41. Nimeletewa barua: HPV imeonekana, seli hazijabadilika, nirudi baada ya miezi 12. Yaani wamekiona kirusi cha saratani na wananiambia nikae nacho mwaka mzima! Kwetu ningeshatibiwa. Sina amani. Naamka saa tisa usiku napiga deki jikoni, mwenye nyumba ameshalalamika.

Mama Leicester

Marahaba, mdogo wangu. Hapo kuna tofauti ya kipimo, ndiyo inayokuchanganya.

Huku mara nyingi tunatafuta doa kwa macho, kwa sababu siki ipo na maabara iko mbali. Kwenu wanaanza na kirusi chenyewe. Kikikosekana, wanakuacha. Kikionekana, sampuli ileile inatazamwa kwa darubini kama seli zimeguswa. Zako hazijaguswa. Maana yake hakuna cha kugandisha wala cha kukata, kwa hiyo ungekuwa Mombasa na ukapakwa siki, kwa uwezekano mkubwa mlango wako wa kizazi ungeonekana safi ukaambiwa nenda, na wala usingejua kirusi kipo. Wao wamekwambia zaidi, na wewe umelipwa kwa kukosa usingizi. Hiyo ndiyo hasara ya kipimo kizuri.

Ule mwaka wanaupa mwili wako nafasi ya kukifuta. Ukirudi kikawa hakipo, unarejea kwenye ratiba ya kawaida. Kikiwa bado kipo na seli nzima, wanakupa mwaka mwingine. Ikiwa mara ya tatu bado, unapelekwa kolposkopia, yaani mlango wa kizazi kutazamwa kwa kifaa cha kukuza. Wakati wowote seli zikionekana zimebadilika, unapelekwa bila kungoja. Hakuna dawa ya kufukuza kirusi chenyewe, kwa hiyo yeyote wa mtandaoni anayekuuzia vidonge au mafuta, hela yako mtumie mama. Kama unavuta sigara, acha, maana sigara humchelewesha mwili kukifuta. Damu isiyo ya kawaida ikitokea, usingoje barua yao, piga simu kwa daktari wako.

Miezi kumi na miwili ni mirefu kuiweka kichwani. Barua itoe kwenye mlango wa friji, najua umeibandika hapo. Andika tarehe kwenye simu, ongeza kikumbusho cha wiki mbili kabla, na anwani ukihama wape mpya, ili barua yao isikupotee. Ukija likizo Desemba usipime tena Mombasa kwa wasiwasi, kisha Dar kwa kuhakikisha. Utakusanya karatasi tatu na usiku mmoja wa kulala hutaupata.

Na deki ipige asubuhi. Mwenye nyumba naye ana kazi kesho.